Jumapili ya chapati: ulaini huanza kwenye maji

Chapati ya kwanza ikigusa pani Jumapili alasiri, ploti nzima hujua. Harufu hupanda ngazi, hupita chini ya milango, na watoto wanaocheza mpira uani husimama kuuliza ni kwa nani. Nairobi ina raha nyingi za kununua, lakini hii ni ya kutengeneza, na hutengenezwa na nyumba nzima: mmoja akikanda, mwingine akipaka mafuta, mwingine akisukuma, na mtoto mdogo akihesabu madonge kama mwenye duka.

Wengi ambao chapati zao hutoka ngumu hulaumu mikono yao. Husema hawajui kusukuma, hazitoki mviringo, zinafanana na ramani ya Afrika. Umbo halina neno. Chapati yenye pembe nne ikiwa laini italiwa kabla ya ile ya mviringo iliyokauka. Ugumu huingia saa nzima kabla ya pani kupashwa moto: maji yalikuwa machache, unga ulikandwa kwa haraka, na haukupewa nafasi ya kupumzika. Ukirekebisha hayo matatu, hata mtoto wa miaka kumi atasukuma chapati inayokunjika bila kukatika.

Hapa jijini chapati si mgeni tena. Wahindi walifanya biashara na pwani yetu kwa karne nyingi, na ujenzi wa reli kati ya 1896 na 1901 ukaleta zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kituo cha reli hiyo. Kwa miaka mingi familia nyingi zilipika chapati Krismasi au wageni wakija, na ndiyo maana mpaka leo kukiwa na chapati mezani siku ya kawaida, watoto huona kama sikukuu.

Tuanze na unga. Kilo moja hutoa chapati 16 za kutosha familia ya watu watano, na mbili tatu zikabaki za chai ya asubuhi. Chukua unga wa ngano wa kawaida. Soma pakiti vizuri, kwa sababu kwenye rafu moja huwekwa pia unga uliotiwa bekingi pauda kiwandani, na pakiti zake hufanana sana. Ule ni mzuri kwa mandazi na keki. Ukiusukuma chapati, itavimba kama mkate, na ikipoa itakuwa kavu na ya kumegeka. Unga wa atta, ule wa hudhurungi wenye pumba, unafaa na una ladha nzuri ya ngano, lakini hunywa maji zaidi, kwa hiyo uongezee vijiko vinne au vitano vikubwa vya maji kwa kila kilo.

Kwa kilo hiyo weka chumvi vijiko viwili vya chai, sukari vijiko viwili vikubwa, na mafuta ya maji vijiko vinne vikubwa. Sukari isizidi hapo. Inasaidia rangi na ulaini, lakini ikiwa nyingi chapati hupata madoa meusi kabla ya kuiva ndani.

Sasa maji, ambayo ndiyo roho ya jambo lote. Kilo moja ya unga inataka mililita 620 hivi. Nyumba nyingi hazina kipimo, lakini karibu kila nyumba ina chupa ya maji ya nusu lita. Jaza chupa hiyo mara moja, kisha ongeza vijiko vikubwa vinane. Kijiko kikubwa kimoja ni mililita 15, vinane ni 120, na jumla yake ndiyo hiyo 620. Kinyunya kitakuwa chepesi kuliko ulivyozoea, na kitang'ang'ania vidole dakika tano za kwanza. Wengi huogopa hapo na kumwaga unga juu. Usimwage. Endelea kukanda, kitajikusanya chenyewe.

Maji yawe ya moto kiasi cha kuweza kutia kidole na kukiacha humo bila kukitoa kwa haraka. Hapa Nairobi tuko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ukichanganya sehemu moja ya maji yaliyotoka kuchemka na sehemu moja ya bomba, utapata kama nyuzi 55, na yakifika kwenye karai yatakuwa 50, kipimo kizuri kabisa. Maji ya moto hulainisha wanga wa unga na kuufanya ushike unyevu zaidi, na unyevu huo ndio utakaoukuta kwenye chapati ikishapoa. Ukipenda, nusu ya maji iwe maziwa. Chapati itakuwa laini zaidi na itapata rangi haraka, ila isilale zaidi ya siku moja nje ya friji.

Changanya unga, chumvi na sukari kwanza, tengeneza shimo katikati, mimina maji na uvuruge kwa mwiko mpaka pasiwe na unga mkavu. Mafuta yaje baadaye, kijiko kimoja kimoja huku ukikanda. Unga ukipakwa mafuta kabla ya maji, hauyanywi maji vizuri, na utakanda mpaka uchoke bila kuona mabadiliko. Kanda dakika kumi mpaka kumi na mbili. Sukuma kwa kiganja, kunja, zungusha robo, sukuma tena. Kinachojengeka hapo ni gluteni, nyuzi za protini ya ngano zinazoshikana na kuvutika. Utajua kazi imeisha ukibonyeza kinyunya kwa kidole na kikarudi polepole, na ukikishika kiwe laini kama ndewe ya sikio. Njia nyingine ni kumega kipande kidogo na kukivuta taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili: kikifika wembamba wa kupitisha mwanga bila kutoboka, acha.

Kisha kipake mafuta kidogo juu, kifunike kwa mfuko safi wa plastiki au kwa sufuria iliyopinduliwa, na ukiache nusu saa. Leso peke yake haitoshi, maana hewa hupita na ngozi ya juu hukauka, na ngozi hiyo ikikaushwa haichanganyiki tena. Hubaki vipande vigumu ndani ya chapati. Nusu saa hii haina mbadala. Gluteni iliyotoka kukandwa imekaza kama mpira wa kombeo: ukiisukuma hurudi nyuma. Mtu anayepigana na chapati inayojikunja kibaoni hana mikono dhaifu, hakusubiri tu. Mwezi wa saba, baridi ikiwa imetanda kuanzia asubuhi, kipe kinyunya dakika 45, na uweke karai karibu na jiko linapochemka sufuria nyingine.

Na sufuria hiyo nyingine ni ya ndengu. Gramu 500 zilizochaguliwa mawe na kulowekwa tangu asubuhi huiva kwa dakika 40 mpaka 50 kwenye jiko la kawaida, kwa vile maji yetu huchemka bila kufika moto wa pwani. Subiri ziive ndipo utie nyanya. Asidi ya nyanya huzuia ganda la nafaka za jamii ya maharagwe kulainika, na wengi wamemaliza gesi wakichemsha ndengu zilizotiwa nyanya mapema. Wengine hutia magadi ili ziive haraka. Kweli huiva, lakini ladha hubadilika kuwa ya sabuni ukizidisha, na vitamini B1 huharibika. Kuloweka ni bora. Zikishalainika, kaanga vitunguu viwili mpaka viwe vya dhahabu, tia kitunguu saumu, tangawizi, karoti iliyokwaruzwa, nyanya nne, kisha ndengu pamoja na maji yake. Dania iingie moto ukishazimwa.

Unga ukishapumzika, hapo ndipo mikono yote inaitwa mezani. Meza ya kulia ifutwe vizuri na ikauke. Kata kinyunya madonge 16. Kila moja litakuwa gramu 105 hivi, ukubwa wa ndimu kubwa. Mtoto wa miaka minne au mitano anaweza kuyapanga kwenye sinia lililopakwa mafuta na kuyahesabu, na kazi hiyo huifanya kwa uzito mkubwa. Wa miaka saba mpaka kumi hupaka mafuta na kuviringa. Kuanzia kumi na moja hivi anasukuma. Moto uwe wa mtu mzima.

Tabaka hutengenezwa hivi. Sukuma donge mpaka liwe duara la sentimita 25, wembamba usiojali kama limetoboka kidogo. Paka kijiko kimoja cha chai cha mafuta mpaka ukingoni, nyunyiza unga kiduchu kwa ncha za vidole. Mafuta ya mgando yaliyoyeyushwa hushinda ya maji hapa: yakipoa huganda tena kati ya tabaka na kuzizuia zisishikane, kisha huyeyuka kwenye pani na kuziachanisha. Viringa duara hilo kuanzia ukingoni liwe kama kamba, livute kidogo kwa urefu, kisha lizungushe lijilalie kama ngata ya kubebea mtungi kichwani. Ncha ya mwisho ifichwe chini, ibonyezwe. Usipoificha, itafunguka wakati wa kusukuma na utapata mkia.

Watoto hupenda hatua hii kuliko zote, na ni hatua isiyo na hatari yoyote. Kamba ikikatika, inaungwa. Ngata ikiwa kubwa, itasukumwa. Mpe mtoto duara lake na kijiko chake, akae kwenye kona ya meza, usimrekebishe kila dakika. Kama shosho yuko nyumbani, ndiye mwalimu bora wa hatua hii, kwa sababu mikono yake haina haraka na mtoto huiga kasi ya anayemtazama.

Kama kuna haraka, au wageni wako kwenye matatu wanakaribia, iko njia ya mkato. Gawa kinyunya mara mbili, sukuma nusu moja juu ya meza iliyopakwa mafuta mpaka ifike sentimita 40 kwa 50, paka vijiko viwili vikubwa vya mafuta, nyunyiza unga, viringa liwe gogo moja refu, na ulikate vipande vinane. Kila kipande kibane kingo zake mbili zilizokatwa kuelekea ndani, kisha kibonyeze. Tabaka zitakuwepo, japo chache. Vyovyote utakavyofanya, funika ngata zote na uziache tena dakika 15 au 20. Mapumziko haya ya pili ndiyo yatakayokuwezesha kusukuma kwa mkono mwepesi, na mkono mwepesi ndio unaolinda tabaka. Ukikandamiza kwa nguvu, mafuta hutoka pembeni na tabaka hugeuka kuwa kitu kimoja.

Kuhusu kifimbo, neno moja tu kwa anayenunua. Kichague kwa kukiviringisha juu ya kaunta ya muuzaji na kuinama utazame chini yake. Ukiona mwanga unapita katikati au upande mmoja, kimepinda, kitakupa chapati nene upande mmoja maisha yake yote. Urefu wa sentimita 30 mpaka 35 na unene wa sentimita 3 unatosha. Kisicho na vishikio ni kizuri zaidi, kwa sababu viganja vinalala juu ya mti wenyewe na kuhisi unene wa unga. Kikiwa na makwaruzo, kipige msasa laini, kipake mafuta ya kupikia, kikae usiku kucha. Kukiosha, futa kwa kitambaa chenye unyevu, usikiloweke, kitapasuka. Kifimbo kizuri kikitunzwa hurithiwa.

Pani inahitaji maneno mengi zaidi. Pani nyembamba ya aluminiamu hupata joto haraka katikati na kupoa ukiweka chapati tu, kwa hiyo huunguza kitovu na kuacha kingo mbichi. Tafuta pani nzito. Ya chuma cha kusubu ndiyo bora, lakini hata ya chuma kinene kilichofuliwa na mafundi wa jua kali inafanya kazi nzuri. Kamukunji, wanakofua majiko, makarai na masanduku ya bati, ndiko pa kuanzia kuuliza. Pani mpya ya chuma haipikiwi siku ya kwanza. Ioshe kwa sabuni, ikaushe juu ya moto, ipake mafuta kidogo sana kwa kitambaa, kisha uifute kama uliyepaka kwa makosa, uipashe mpaka itoe moshi, ipoe. Rudia mara tatu. Utando mweusi utakaojengeka ndio utakaozuia chapati kunata, na baada ya hapo pani ifutwe tu, isisuguliwe kwa steel wool.

Nyumba nyingi hapa hupikia kwenye mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye meko juu yake. Moto wake ni mdogo na uko katikati pekee. Dawa yake ni kupasha pani dakika tano kabla ya kuanza, na kuzungusha chapati kila sekunde kumi, robo kwa robo, ili kila upande upite juu ya moto. Jiko la makaa hutoa joto pana na la kutulia, na wapo wasiokubali chapati ya gesi kamwe. Kama unatumia makaa, yaache yashike kabisa na kufunikwa na majivu meupe kidogo, na lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, nayo huua. Jiko likae barazani au kando ya mlango na dirisha vilivyo wazi.

Kupima moto, dondosha unga kidogo kwenye pani. Ukigeuka hudhurungi kabla hujahesabu hadi kumi, moto umezidi. Ukihesabu hadi thelathini na bado mweupe, subiri. Ukiwa sawa, futa unga huo na uanze.

Sukuma ngata ifike sentimita 20, unene wa milimita 3. Unga wa kunyunyizia uwe mchache sana. Unaobaki juu ya chapati huungulia kwenye pani na kuacha vumbi chungu jeusi. Ilaze chapati kwenye pani kavu. Sasa itazame. Kwanza rangi hubadilika, weupe wa unga mbichi huwa kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, kuanzia kingoni kuelekea katikati. Kisha vijipu vidogo huinuka, kimoja hapa, viwili pale. Hiyo ni sekunde ya 30 mpaka 40: geuza. Upande wa pili upe sekunde 30, paka nusu kijiko cha chai cha mafuta juu, geuza, paka upande mwingine. Bonyeza kingo kwa kitambaa kilichokunjwa au mgongo wa kijiko, taratibu, ukizunguka. Mvuke uliofungiwa utatafuta njia kati ya tabaka na chapati itavimba, wakati mwingine yote kwa pamoja kama puto. Usiitoboe. Igeuze mara moja tena, na jumla ya dakika mbili mpaka mbili na nusu, itoe.

Hapo kwenye dakika mbili ndipo wengi huharibu. Huona moto mdogo ni usalama, wakaacha chapati dakika tano ikiiva polepole. Inaiva, ndiyo, lakini maji yote uliyoyapima kwa chupa yanakwenda na hewa. Chapati laini hupikwa kwa moto wa kati unaokaribia mkali, kwa muda mfupi.

Anayesukuma na anayepika wanahitaji kwenda pamoja. Pani inamaliza chapati kwa dakika mbili na nusu, na msukumaji wa kawaida anahitaji karibu muda huo huo. Wakishapata mdundo, mmoja anaweka ya kusukumwa kwenye ukingo wa kibao, mwingine anaiokota bila kuuliza, na mazungumzo ya wiki nzima yanatoka hapo, ya shule, ya kazi, ya jirani aliyehama. Ukiwa peke yako, sukuma nne kwanza kabla ya kuwasha, uzitandaze bila kuzipanga juu kwa juu. Chapati mbichi zilizolaliana hushikana kwa dakika chache tu, na hakuna kuzibandua.

Chapati ya kwanza ni ya kupima pani. Mara nyingi hutoka na madoa, au imekunywa mafuta. Hiyo haiingii kwenye hesabu. Imegwe papo hapo, kila mtu aliye jikoni apate kipande kikiwa cha kuunguza vidole, na hapo ndipo mpishi anaambiwa kama chumvi inatosha. Na mwishoni, mabaki yaliyokwanguliwa kwenye karai na kibao hukusanywa yakawa donge dogo la mtoto mdogo kuliko wote. Alisukume mwenyewe, liwe samaki, gari au kitu kisicho na jina. Lipikwe mwisho, pani ikiwa imepoa kidogo, kwa kuwa vipande vidogo huungua upesi. Kachapati hako hakagawanywi, na watoto wakubwa wanaijua sheria hiyo.

Wakati wa kupika, kila chapati mbili tatu, futa pani kwa kitambaa kikavu kuondoa unga ulioungua. Chapati zikianza kutoka na mafuta mengi, pani imepoa, si kwamba umepaka sana; ipe dakika moja tupu juu ya moto. Zikiwa mbichi katikati huku nje zimeungua, moto umezidi au umeziacha nene. Zikipasuka kingoni wakati wa kusukuma, kinyunya kilikuwa kikavu, na kwa siku hiyo unaweza kujiokoa kwa kulowesha viganja, kukanda upya dakika mbili, na kukipumzisha tena dakika ishirini. Tabaka zisipoonekana kabisa, rudi kwenye mafuta ya ngata na mkono wa msukumaji.

Kinachofuata kinasahaulika, nacho kina uzito sawa na kupika. Chapati inayotoka motoni ikiachwa wazi kwenye sahani hukauka kwa dakika kumi. Tandika kitambaa safi cha pamba ndani ya hotipoti, panga chapati, zikunjie kitambaa hicho, funika. Kitambaa hunywa mvuke unaogeuka maji chini ya kifuniko, hivyo ya juu haipati unyevu wa kunata, na joto linazilainisha zote kwa pamoja. Ziache humo angalau dakika kumi na tano kabla ya kula. Chapati iliyotoka kwenye pani ikiwa ngumu kidogo kingoni hulainika humo, na ndiyo maana ya mwisho kupikwa isiliwe kwanza.

Kwa nyumba yenye mtoto asiyependa mboga, chemsha malenge, ponda gramu 250, na uyachanganye na unga wa kilo ile ile. Malenge yana maji mengi, kwa hiyo anza na mililita 400 tu, kisha ongeza kijiko kimoja kimoja mpaka ulaini ule wa ndewe ya sikio ufike. Rangi itakuwa ya dhahabu na utamu wa asili utachukua nafasi ya sukari yote. Karoti zilizokwaruzwa laini pia zinafaa, ila huacha nyuzi ambazo hukata tabaka.

Ukianza kukanda saa nane mchana, mapumziko ya kwanza yataisha kabla ya saa tisa, ngata zitakuwa tayari saa tisa na robo, pani itawashwa saa tisa na nusu hivi, na zote zitakuwa kwenye hotipoti saa kumi na robo, ndengu zikiwa zimeshaungwa. Chai ya maziwa yenye tangawizi ichemshwe wakati huo, kwa sababu wapo ambao hawatasubiri chakula cha jioni.

Zikibaki, usiziweke kwenye friji kama zitaliwa kesho yake. Baridi ya friji hukausha wanga haraka kuliko kabati, na hali ya hewa ya Nairobi huzihifadhi usiku mmoja bila shida zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa na mfuko. Za kukaa zaidi ziende kwenye friza, karatasi ya plastiki kati ya moja na nyingine, na mwezi mmoja hautaziharibu. Asubuhi ya Jumatatu, lowesha vidole, nyunyizia chapati matone machache ya maji, iweke kwenye pani ya moto na uifunike kwa sahani sekunde thelathini. Kama hakuna muda hata huo kabla ya basi la shule, ikate vipande vyembamba, kaanga kitunguu na nyanya, tia vipande, vunja mayai mawili juu, koroga mara mbili, na uipakue kwenye sahani zote kwa pamoja.